Gari kuukuu halifufuliwi kwa rangi

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii na imwongoze kila anayenuia kununua van kuukuu nchini Marekani na kuifufua, wakiwemo ndugu zetu wanaotafuta riziki huko.

Chukua mfano wa Chevrolet Astro, gari lililouzwa kuanzia toleo la mwaka wa 1985 hadi lile la 2005. Mengi ya magari hayo yana injini ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 4.3, ambayo ilitiwa pia katika pikapu za kampuni iyo hiyo. Kwa hivyo, vipuri vyake si adimu.

Adui mkubwa ni kutu. Katika majimbo ya kaskazini, barabara humwagiwa chumvi msimu wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula bodi kutoka chini, pamoja na mabomba membamba ya breki. Bomba likitoboka, mafuta ya breki huvuja, na breki hupoteza nguvu. Ajali haichagui rangi ya gari.

Basi fedha za kwanza asipewe mpaka rangi. Zianzie kwenye breki, tairi zilizozeeka na mipira ya rejeta. Viti na rangi vije mwisho.

Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, omba gari liinuliwe ulitazame chini. Mwenye kuuza akikataa, shika njia uende zako.