Janti pana, mpira gani? Hesabu ifanywe mbele ya kununua



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, miwani na viatu vya chuma. Leo tunatoka nje ya lango la kazi, tunakwenda pahali motokari zinapolala usiku, nyuma ya nyumba zetu. Huko kuna hatari moja inayoingia polepole, tena inaingia ikiwa imependeza macho.

Siku hizi motokari nyingi zinatufikia toka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia. Kati yake ziko zile ndogo za mbio, za milango miwili, ambazo vijana wetu wanazipenda kupita kiasi. Mwezi wa kwanza kijana anazipiga rangi. Mwezi wa pili anatafuta janti pana za aliminyumu. Mama wa nyumbani anauliza: "Baba, motokari ilikuwa ikitembea vizuri, janti hizi ni za nini?" Hapo mtu hana jibu, anacheka tu.

Sisi hatusemi kwamba janti pana ni kitu kibaya. Janti iliyo pana kwa kiasi inashika vizuri mbavu za mpira, na motokari haiyumbi sana ndani ya kona. Ubaya ni namna ya kununua. Watu wengi wananunua janti kwanza, kwa kuangalia uzuri wake, kisha wanakwenda kwa kwado kumwuliza mpira gani unaweza kuingia. Kwado anatazama mipira aliyo nayo, anasema: "Huu utaingia, yaya." Na kweli unaingia. Lakini kuingia ni kitu kimoja, na kushika barabara ni kitu kingine.

Tusome kwanza maandiko yaliyo ubavuni mwa mpira. Tuchukue mfano wa Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo huko Japani iliitwa Eunos Roadster. Ilitoka kiwandani na mipira ya 185/60R14 juu ya janti za inchi 5 na nusu. Hesabu 185 ni upana wa mpira kwa milimita. Hesabu 60 si milimita: ni kusema kwamba kimo cha ubavu ni sehemu 60 kwa mia za ule upana, ndiyo milimita 111. R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani. Na 14 ni kimo cha janti kwa inchi, na kila inchi ni milimita 25,4. Mkijumlisha janti na mbavu mbili, ya chini na ya juu, mnapata milimita 577,6. Hicho ndicho kimo cha gurudumu lote, toka udongoni mpaka juu. Kiandikeni kwenye kartasi, kwa maana ndicho kitatuongoza.

Mtengenezaji wa motokari amepanga kontere, vitesi, freni na nafasi chini ya bawa la motokari kwa kufuata kimo hicho. Kwa hiyo mtu akiweka janti kubwa zaidi, lazima ubavu wa mpira upungue ili kimo cha gurudumu lote kisibadilike. Mafundi wengi wanakubali tofauti ya sehemu 2 au 3 kwa mia, si zaidi.

Sasa kijana wetu ananunua janti za inchi 15, zenye upana wa inchi 7. Anakwenda dukani, anakuta mpira wa 195/65R15, ule unaopatikana kila pahali kwa sababu motokari nyingi za jamaa zinautumia. Bei yake ni nzuri. Tufanye hesabu: gurudumu lote linakuwa milimita 634,5. Limezidi lile la kwanza karibu sehemu 10 kwa mia! Kama kontere yake ilikuwa ikisema kweli, basi siku atakapoona 60, motokari itakuwa inakimbia karibu 66. Freni nazo zinapata kazi ngumu zaidi, kwani gurudumu refu linazivuta kwa nguvu kupita lile fupi. Na akikata kona akiwa amepakiza mwenzake na mizigo, mpira unagusa chuma cha bawa na kujikata wenyewe, kidogo kidogo, upande ambao hakuna mtu anayeutazama.

Achukue 195/50R15: ubavu ni milimita 97 na nusu, gurudumu lote ni milimita 576. Tofauti na la kiwandani ni chini ya milimita 2. Huo ndio mpira wa janti ile, hata kama itabidi kungoja mwezi mwingine kuupata.

Sasa upana. Hapa ndipo tunataka wasomaji wetu wakae kidogo, kwa maana hapa ndipo watu wanaumia.

Kila mpira una upana wa janti unaoruhusiwa na watengenezaji. Ule wa 195/50R15 unaruhusiwa toka inchi 5 na nusu mpaka 7. Ule wa 205/50R15, toka 5 na nusu mpaka 7 na nusu. Sasa iko desturi moja imeenea kati ya vijana: kununua janti ya inchi 8 au 9, kisha kuvuta juu yake mpira mwembamba, mpaka mbavu zake zinalala kama paa la nyumba. Wanasema ndiyo uzuri wenyewe. Sisi tunaona kwamba ni kuchezea roho za watu.

Mpira hauna msumari wala gundi ya kuushikisha kwa janti. Kinachoushika ni kisigino chake, ile pembe ya ndani yenye waya wa chuma, ambayo upepo unaisukuma ikae juu ya kiti chake kwenye janti. Ubavu ukiwa umesimama, upepo unakisukuma kisigino vizuri. Ubavu ukiwa umevutwa sana kwenda nje, kisigino kinakaa kwa upande upande. Siku motokari inapokata kona kwa nguvu, au gurudumu linapoanguka ndani ya shimo, na upepo umepungua kidogo, kisigino kinatoka pahali pake. Upepo wote unaisha kwa mara moja. Shofa hana tena la kufanya na volani.

Tena namna ya kuupandisha mpira uliovutwa ni hatari peke yake. Kwa kuwa visigino havifikii kando za janti, wengine wanamwaga benzini ndani na kuwasha moto, mlipuko uvisukume. Wengine wanaongeza upepo bila kupima. Wenzetu wa garaji za malori makubwa ya mgodi wanajua kwa nini wao wanatia upepo mpira ukiwa ndani ya fito za chuma, na kwa nini hakuna mtu anayesimama mbele yake. Mpira mdogo wa motokari nao unaweza kuvunja mkono au kuharibu uso. Kipimo kinachojulikana ni hiki: kisigino kisipokaa kwa bari 2,75, toeni upepo wote, pakeni sabuni ya mipira, anzeni tena. Kikikataa mara ya pili, basi mpira na janti havipatani. Na watoto wasisimame kutazama, hata wakilia.

Kwa motokari ile ya mfano wetu, janti ya inchi 8 inamfikisha mtu kwenye 225/45R15. Huo unaruhusiwa toka inchi 7 mpaka 8 na nusu, na kimo chake ni kizuri, milimita 583,5. Lakini bawa la motokari halikutengenezwa kwa mnene kama huo, na kazi ya kukunja chuma inaanza. Ndiyo maana sisi tunasema inchi 7 zinatosha.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wanaisahau, ile iliyopigwa mgongoni mwa janti ikianza na herufi ET. Inaonyesha kwa milimita pahali janti inapokaa juu ya kitovu cha gurudumu. Hesabu ikishuka, gurudumu linatoka nje. Ikipanda, linaingia ndani kuelekea amortisa. Janti ya kiwandani ya motokari ile ina ET 45. Mkiweka ya inchi 7 yenye ET 30, kando ya nje inatoka milimita 34, na ya ndani inaingia milimita 4. Hiyo inaweza kukubalika. Lakini mkiweka ya inchi 8 yenye ET 0, kando ya nje inatoka karibu milimita 77. Gurudumu linabaki nje kama sikio la tembo, linatupia mawe watu wa barabarani, na rulema zinabeba uzito pahali pasipo pao.

Tundu la katikati nalo litazameni. Kama ni kubwa kuliko kitovu, itafutwe pete ya kujaza nafasi, la sivyo volani itatetemeka. Ekru zifanane na matundu ya janti: za pembe kwa pembe, za mviringo kwa mviringo.

Wengine watauliza: kwa nini tusipande mpaka inchi 17? Barabara zetu mnazijua. Kwa 205/40R17 ubavu unabaki milimita 82 tu. Shimo moja linaukunja mpira katikati ya jiwe na janti, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona uvimbe ubavuni kama jipu. Mpira wenye uvimbe huo hauna dawa. Usiutembeze hata mpaka kazini.

Na masika je? Mpira mpana juu ya maji mengi unaanza kuelea mapema kuliko mwembamba, kwa sababu unabidi kusukuma maji mengi zaidi. Basi yule aliyepanua mipira yake asingoje mifereji ifike kwenye alama za milimita 1,6. Abadilishe mapema, mvua za Novemba zisimkute na mipira laini.

Mipira iliyokwisha kutumika inauzwa sana kwetu. Mbele ya kulipa franga, tafuteni ubavuni neno DOT na hesabu nne za mwisho. Ikiwa ni 1517, mpira ulitengenezwa juma la 15 la mwaka 2017. Tazameni pia hesabu ya uzito: 82 ni kusema kilo 475 kwa mpira mmoja, nayo isiwe chini ya ile ya kiwandani. Mipira miwili ya mbele iwe sawasawa, na miwili ya nyuma vilevile.

Janti zikisha fungwa, pindeni volani mpaka mwisho, kushoto na kuume, watu wawili wakiwa wamekaa ndani, na mtu mmoja asikilize karibu na gurudumu kama kuna kitu kinachogusa. Baada ya kilometa 50, kazeni ekru tena. Gurudumu moja la zamani la inchi 14 msiliuze: kimo chake kinakaribia sana kile cha mapya, kwa hiyo linafaa kuwa rezerve. Lakini wekeni pamoja nalo ekru zake zenyewe, zimefungwa ndani ya kitambaa, maana usiku njiani hamtapata za kuazima.