KIINGEREZA NACHO KINA "HU-" YAKE
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua kuna watakaoguna wakiona kichwa cha makala haya: eti jarida la Chama cha Kiswahili lina haja gani na sarufi ya Kiingereza? Subiri kwanza. Sikupigii debe la Kiingereza. Nataka kukuonyesha kwamba mwanafunzi anayeijua sarufi ya Kiswahili barabara ana taa mkononi anapoingia chumba cha Kiingereza. Shida ni kwamba wengi wetu huizima taa hiyo mlangoni.

Nitaeleza wakati ambao walimu wetu wa Kiingereza huuita "simple present". Huo hufundishwa mapema sana katika shule ya msingi, lakini hata sisi wa sekondari twaukosea kila siku. Na si ajabu. Huku kwetu Kwanza mtoto husema Kibukusu, Kisabaoti ama Kipokot nyumbani, Kiswahili sokoni, kisha Kiingereza darasani. Kiingereza chafika wa tatu, nasi twakivalisha nguo za ndugu zake wawili waliotangulia.

JAMBO HILI LINA UZITO GANI?

Wengine watasema haya ni mambo ya mtihani tu. Wacha nikwambie kisa kimoja. Mwanafunzi ninayemfahamu aliandika barua ya kuomba basari. Baba yake hulimia watu mashamba. Siku akipata kibarua analipwa, asipopata hakuna kitu. Huyo mwenzetu aliwaza kwa Kiswahili, "Baba anafanya kazi katika shamba la mtu," akaandika: "My father is working on a farm." Maneno yote yameandikwa sawa, hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Lakini anayesoma sentensi hiyo huelewa kwamba baba ana kazi sasa na anaendelea nayo. Alipoitwa mbele ya kamati, swali la kwanza likawa: kama baba anafanya kazi, mbona karo haijalipwa?

Ikabidi aeleze kwa mdomo, na bahati nzuri alisikizwa. Sentensi aliyoihitaji ni hii: "My father works on other people's farms when he gets the chance." Yaani, baba hulimia watu akipata nafasi. Yeye alipewa nafasi ya kueleza. Barua nyingi hazipati nafasi hiyo. Zinasomwa, zinawekwa kando, basi.

CHANZO CHA UTATA

Mkosaji mkubwa hapa ni -na-. Katika Kiswahili, -na- ina kazi mbili. Nikisema "Nafula anauza sukuma wiki," huenda namwona sasa hivi pale sokoni akipima mafungu. Lakini pia huenda namaanisha kwamba hiyo ndiyo kazi yake, hata kama saa hii amelala kwake. Sisi hatuoni taabu, maana mazungumzo yenyewe yatatuonyesha maana ni ipi.

Kiingereza hakikubali mchezo huo. Kwa maana ya kwanza hudai "Nafula is selling". Kwa maana ya pili hudai "Nafula sells". Kumbe basi hilo jina "present" latudanganya. Tunasikia "wakati uliopo" tukafikiri ni sasa hivi, na hapo ndipo tunapoangukia pua. Mara nyingi "simple present" haisemi kinachotendeka sasa. Husema kinachotendeka siku zote.

Je, Kiswahili hakina kiambishi cha kazi hiyo? Kinacho, tena tunakitumia tangu utotoni: ni hu-. Sikiza wahenga: "Haba na haba hujaza kibaba." "Maji hufuata mkondo." Hakuna anayeuliza, "Hujaza lini? Hufuata saa ngapi?" Ni jambo la siku zote. Aidha kuna -a-, kama katika methali "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nayo haijali ni leo au jana.

Basi jaribio la kwanza ni hili: kabla ya kuandika kitenzi cha Kiingereza, jaribu kukisema kwa hu-. Kama maana haijavunjika, tumia "simple present". Kama imevunjika, huenda unahitaji "is" na "-ing".

"Wakulima wa Kwanza hupanda mahindi mvua ikianza." Sawa kabisa. Andika: "Farmers in Kwanza plant maize when the rains begin." Lakini, "Tazama, mjomba anapanda mahindi!" Huwezi kusema "Tazama, mjomba hupanda mahindi!" Kwa hivyo: "Look, my uncle is planting maize!"

MATUMIZI YAKE

(a) Mazoea. "The matatu leaves when it is full." Sote tuliowahi kuketi ndani ya matatu ya Kitale tukingoja abiria wa mwisho twaijua kweli hiyo.

(b) Mambo ya kudumu. "The Nzoia flows into Lake Victoria." Mto Nzoia humwaga maji yake Ziwa Victoria, umefanya hivyo kabla hatujazaliwa. Ndiyo maana sayansi na jiografia huandikwa kwa wakati huu.

(c) Hali ya moyo, akili na umiliki. Hapa jaribio la hu- halitoshi, kwa sababu Kiswahili husema "anajua", "anataka", "anaelewa". Tumia jaribio la pili: je, naweza kumwona mtu akilitenda jambo hilo? Ukipita shambani utamwona mtu akilima. Lakini huwezi kupita mahali ukamwona mtu "akijua". Vitenzi vya namna hiyo havipendi "-ing". Usiseme "I am knowing him" bali "I know him". Usiseme "I am having two pens" bali "I have two pens". Hata hivyo, "She is having lunch" ni sawa, kwa kuwa hapo maana yake ni kula, na mtu anayekula anaonekana.

(d) Magazeti na fasihi. Jambo limetendeka jana, lakini kichwa cha habari kinasema "Minister opens new road". Usishangae. Fungua Taifa Leo uone vichwa vya habari vya namna ya "Waziri afungua barabara mpya". Ni desturi ile ile! Vilevile unapojibu swali la fasihi ya Kiingereza, eleza matendo ya wahusika kwa "simple present", jinsi tunavyosema "mwandishi anaonyesha" katika fasihi yetu.

(e) Baada ya "if" na "when", hata kama tunazungumzia kesho. Wengi huandika, "We shall harvest when the rain will stop." La hasha! Andika, "when the rain stops". Kiswahili nacho husema "mvua ikikoma". Hatusemi "mvua ikitakoma". -ki- inatosha, haihitaji -ta-.

ILE "S" INAYOTUSUMBUA

Hu- ina tabia moja nzuri: haijali mtenda. Mimi husoma, wewe husoma, yeye husoma, wao husoma. Kiingereza karibu kifanane nayo: I read, you read, we read, they read. Amebaki mmoja tu anayesumbua: nafsi ya tatu umoja, yaani he, she na it. Huyo hudai "s": she reads.

Kwa nini ni yeye peke yake? Zamani vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na viambishi tamati zaidi, vikabadilika kulingana na nafsi. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina vitenzi vingi vinavyoishia kwa "-eth". Ile "-s" ilianza kaskazini mwa Uingereza, ikashuka kusini, ikaishinda "-eth". Vile viambishi vya nafsi nyingine vikafa, ikasalia "s" peke yake kama kisiki shambani. Tena huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kuna wenyeji wanaosema "he go" hadi leo katika lahaja yao. Kwa hivyo mwenzako akisema "he go" usimcheke kana kwamba hana akili. Lakini pia usimwige kwenye mtihani, kwani msahihishaji wa KCSE hatoki Norfolk!

Njia moja ya kukumbuka ni kuifanya "s" kuwa koti moja la ndugu wawili. Nomino ikilivaa, kitenzi hukaa bila: "The boys run." Nomino ikilivua, kitenzi hulivaa: "The boy runs." Njia hii ina mipaka yake, maana "children" na "people" ni wingi ingawa hawana "s": "Children play." Tena jihadhari na mtenda aliye mbali. "The price of the bags goes up." Kinachopanda ni bei, wala si magunia. Na "everybody" huhesabiwa umoja: "Everybody knows."

Kuhusu hijai nitapita haraka. Kitenzi kikiishia kwa s, sh, ch, x, z au o, ongeza "es": washes, teaches, goes. Kikiishia kwa konsonanti na y, y hugeuka: carry huwa carries, lakini play huwa plays. "Have" huwa "has".

KUKANUSHA NA KUULIZA

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia zaidi, nasi hatukitazami. Chukua "anasoma". Ukanushe. Unapata "hasomi". Je, -na- imeenda wapi? Imetoweka! Na irabu ya mwisho imegeuka kuwa i. Hakuna aliyekufundisha, ulizaliwa ukaisikia. Mgeni anayejifunza lugha yetu akisema "hanasoma", tunacheka hadi mbavu zinauma.

Kiingereza nacho kina mtindo wake wa kutoweka. Ukikanusha "she reads", anaingia msaidizi aitwaye "does". Msaidizi huyo huichukua ile "s", na kitenzi hubaki kitupu: "She does not read." Ukiuliza ni vivyo hivyo: "Does she read?" Yule anayeandika "She does not reads" ameiacha "s" mahali ilipopaswa kutoweka. Hiyo ndiyo "hanasoma" yetu sisi. Kwa I, you, we na they, msaidizi ni "do", naye hana "s" yoyote: "They do not read."

JIPIME

Kila sentensi ina kosa moja. Funika majibu kwanza, bwana!

1. Mount Elgon is standing between Kenya and Uganda.
2. My brother go to Kitale every Saturday.
3. Does she sells milk?
4. I am having three sisters.
5. We shall eat when mother will come.

Majibu: 1. stands. 2. goes. 3. Does she sell. 4. I have. 5. when mother comes.

HITIMISHO

Kuna watu wanaodhani Kiswahili na lugha za mama ndizo zinazoharibu Kiingereza chetu. Dhana hiyo ni ya zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi watoto wa enzi zake walivyoadhibiwa wakikutwa wakisema Kikuyu karibu na shule, wengine wakivishwa kibao shingoni. Mimi nauliza: kibao kilimfundisha nani tofauti ya "works" na "is working"? Kinachofundisha ni kulinganisha. Mwanafunzi akijua -na- ina kazi mbili, hu- ina kazi moja, na "hasomi" imeipoteza -na-, nusu ya safari ameimaliza.

Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Zote mbili ni zetu. Basi, ndugu msomaji, utakapoandika barua ya basari, ya kazi au ya jambo lolote zito, kabla ya kalamu kugusa karatasi jiulize kwa Kiswahili: ninasema "anafanya" au "hufanya"? Ukishapata jibu, Kiingereza kitafuata.

Kiswahili kitukuzwe!