Fahamu: Meli iliyozamishwa na wenyewe, ikaibuliwa

Hapa Rubavu, Gustav Adolf von Götzen hukumbukwa kama Mjerumani aliyelifikia Ziwa Kivu mwaka 1894. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na meli ikapewa jina lake: Graf von Götzen.

Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku 5,000 hivi. Yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakapelekwa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, ambako meli iliunganishwa tena na kushushwa majini Februari 1915.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mambo yaligeuka. Mwezi Mei Wabelgiji waliingia Kigali, na Wajerumani wakaiacha Gisenyi. Julai zamu ikawa ya Kigoma. Ili meli isiangukie mikononi mwa adui, mafundi wa Kijerumani waliizamisha wenyewe Julai 26. Lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Hapo ndipo penye siri ya yote: waliizamisha wakitarajia kuirudia.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924 na kukuta injini bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba.

Kwa miongo mingi ilibeba dagaa, mahindi na abiria kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, na mara nyingi wakimbizi pia. Meli ya namna hii yastahili kukarabatiwa na kurudi kazini, si kuachwa ioze gatini.