Kidonda Kinachotoneshwa: Athari za Jeraha Mwilini na Nafsini katika Eneo la Elburgon

Msomi wa Kiswahili anapoletewa dhana ya kitabibu aitafutie jina, aghalabu huanza kwa kufungua kamusi. Kwa dhana inayojadiliwa hapa kamusi haimnyimi kitu: kuna kiwewe, kihoro, mshtuko, fadhaa na jinamizi. Hata hivyo, maandishi ya afya yamependelea istilahi ndefu zaidi, mathalani "mfadhaiko wa baada ya kiwewe". Makala hii inaeleza athari ambazo istilahi hiyo inakusudia kuzitaja, namna zinavyotokea mwilini na nafsini, na sababu ya maneno mawili yaliyomo ndani yake, yaani "baada ya", kutoafikiana na maisha ya mji kama Elburgon.

Elburgon ni mji wa Kaunti ya Nakuru, kati ya Njoro na Molo, kando ya reli iendayo Kisumu na ukingoni mwa Msitu wa Mau. Ni mji wa baridi, viazi na mbao. Wakikuyu, Wakipsigis, Waogiek, Wakisii, Waluhya, Waluo na Waturkana wanaishi humo na katika viunga vyake, na Kiswahili ndicho lugha yao ya soko, ya kituo cha matatu na ya foleni ya hospitali. Ujirani huo umevunjwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1992, machafuko yaliyokuwa yameanzia Meteitei, Nandi, mwishoni mwa Oktoba 1991 yalifika eneo la Molo na Olenguruone. Januari 1998, baada ya uchaguzi wa Desemba 1997, yalizuka tena upande wa Njoro. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 yakarudi kwa ukali usio na mfano. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini na 3,561 waliojeruhiwa. Kati ya waliouawa, 744 walikuwa wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Wenyeji wengi wa maeneo haya huupima wakati kwa matukio hayo. Mtoto alizaliwa "kabla ya klashi"; nyumba ilijengwa "klashi zilipoisha".

Idadi ya waliojeruhiwa ndiyo inayohusu makala hii. Aliyekufa huzikwa na hesabu yake hufungwa. Majeruhi huendelea kuishi na jeraha lake, na jeraha hilo huwa na historia yake.

Jambo la kutisha linapotokea, ubongo haungojei fikra. Sehemu ndogo iliyo ndani kabisa, iitwayo amigdala, hutoa ilani. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, damu huelekezwa kwenye misuli, tumbo husitisha kazi yake. Hayo yote ni heri, kwani ndiyo yanayomwezesha mtu kuruka ua ambao siku nyingine asingethubutu kuukaribia. Wakati huohuo, ile sehemu ya ubongo inayopanga kumbukumbu kwa mfuatano wa saa na mahali huzidiwa. Matokeo yake ni kwamba tukio halihifadhiwi kama kisa chenye mwanzo na mwisho. Huhifadhiwa vipande vipande: harufu ya petroli, mlio wa bati likipasuka motoni, rangi ya shati la mtu. Vipande hivyo havina tarehe. Kimoja kikiguswa, mwili huitikia kana kwamba jambo linatendeka sasa.

Wahenga walilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii hufundishwa shuleni kama funzo juu ya tahadhari, na maelezo yake kwa kawaida huishia hapo. Ikitazamwa kwa makini, imebeba nadharia kamili: ukindu hauna sumu, anayeutazama anajua kuwa hauna sumu, na bado mwili wake unaruka. Maarifa ya akili hayakufika mahali hofu ilipohifadhiwa.

Wataalamu huzigawa dalili zake katika mafungu matatu. Kwanza, tukio hurudi bila kuitwa, ama kwa jinamizi usiku ama kwa taswira za ghafla mchana. Pili, mtu huepuka chochote kinachomkumbusha: njia fulani, jirani fulani, hata mazungumzo. Tatu, hukaa macho daima, akashtushwa na mlango unaofungwa, akakosa usingizi, akawa mwepesi wa hasira. Hali hii ilipewa jina rasmi na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, hasa kutokana na askari waliorejea kutoka Vietnam, ingawa tayari mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers alikuwa ameandika juu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopatwa na hali kama hiyo. Ieleweke pia kwamba si kila aliyeona mabaya hupatwa nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 3.9 ya watu duniani wamewahi kuwa nayo, na asilimia 15.3 miongoni mwa waliokumbwa na vita au mapigano. Wengi hupona, na wengine hupona bila kutibiwa. Jambo hili ni muhimu kusisitizwa, kwa sababu masimulizi mengi kuhusu wakimbizi wa ndani huwachora wote kama watu waliovunjika.

Mwili na nafsi hutenganishwa kwa urahisi vitabuni kuliko hospitalini. Mfano ulio bayana ni ule wa moto. Tarehe 31 Januari 2009, mwaka mmoja tu baada ya ghasia, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, kwenye barabara kuu ya Nakuru hadi Eldoret, si mbali na Molo. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Mtu aliyeungua sana na akapona haachwi na moto. Ngozi mpya huvuta na kukunja kiungo, mkono usinyooke tena. Makovu huvimba na kuwasha kwa miezi au miaka. Na kwa kuwa tezi za jasho zimeharibiwa, jua la mchana humsumbua. Kila mwasho ni ukumbusho wa tukio. Hofu nayo hukaza misuli, misuli iliyokazwa huongeza maumivu, na maumivu humnyima usingizi ambao ungemsaidia kuituliza hofu. Ni mduara, na haijalishi daktari ameuingilia upande gani, mradi asidhani kwamba upande mmoja ndio wote.

Panga nalo lina mambo yake. Pigo la mkononi hukata kano na neva, na mkulima wa viazi asiyeweza kukunja vidole amepoteza mkono hata kama bado anao. Aliyekatwa kiungo kabisa anaweza kuhisi maumivu kwenye vidole ambavyo havipo, kwa kuwa ubongo haujafuta ramani yao. Pigo la kichwani lina hatari ya kufichika. Ubongo uliotikiswa huleta usahaulifu, hasira za ghafla, maumivu ya kichwa na usingizi mbovu, dalili zilezile ambazo kiwewe huzileta. Mtu anaweza kuambiwa ana mawazo mengi kumbe ubongo wake una jeraha. Mwingine akapigwa picha za kichwa na zisionyeshe kitu, akarudishwa nyumbani akiwa ameambiwa ni mzima.

Kuna pia jeraha ambalo haya hulifunga mdomo. Tume ya Waki iliorodhesha ubakaji wa wanawake na watoto na, katika Nakuru na Naivasha, wanaume waliotahiriwa kwa nguvu au kukatwa viungo vya uzazi. Waliotendewa hayo hufika kwa daktari wakilalamikia mgongo.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza imechelewa wapi. Mgonjwa wa kawaida hamwambii mhudumu kwamba ana kiwewe. Husema moyo unakwenda mbio, roho haijatulia, anafikiria sana, mwili hauna nguvu, ana presha, ana vidonda vya tumbo. Kwa mhudumu mwenye haraka, hiyo ni orodha ya dawa: ya presha, ya tumbo, ya maumivu. Kwa anayesikiliza Kiswahili kama lugha, "roho haijatulia" si pambo la usemi. Nafsi inasemwa kupitia mwili, na usemi huo una usahihi wake, kwa kuwa moyo kwa kweli unakwenda mbio na tumbo kwa kweli linauma. Kosa ni kudhani kwamba mgonjwa ametumia sitiari kwa sababu hajui istilahi.

Turejee sasa kwa yale maneno "baada ya". Istilahi hiyo inachukulia kwamba tukio lilitokea likapita, na mgonjwa ndiye asiyelipita. Kwa askari aliyetoka Vietnam akarudi mji wa kwao, dhana hiyo inaeleweka. Elburgon hakuna aliyerudi kwao kutoka vitani. Vita vilikuja kwao, vikaondoka, vikaja tena. Na 1992 haikuwa mwanzo. Mnamo 1950 serikali ya kikoloni ilikamilisha kuwahamisha kwa nguvu Wakikuyu waliokuwa Olenguruone, wengi wakapelekwa Yatta. Waogiek nao wamefukuzwa msituni mara kwa mara, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua mnamo Mei 2017 kwamba haki zao zilikiukwa. Bibi, mama na mjukuu wanaweza kuwa na kumbukumbu tatu za kufukuzwa. Chaguzi za 2013, 2017 na 2022 zilipita katika Bonde la Ufa bila mauaji ya kiwango cha 2008, lakini familia inayohamisha watoto na mizigo wiki chache kabla ya kura haiwezi kuambiwa kwamba hofu yake haina msingi.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi hapa, nacho ni kutonesha. Kutonesha kidonda ni kukigonga pale pale kabla hakijapona. Aliyetoneshwa hana ugonjwa wa kushindwa kusahau; ana kidonda ambacho hakikupewa nafasi ya kufunga. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwaka 1954 J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliiandikia serikali ya kikoloni kitabu kilichoyaeleza mapambano ya Mau Mau kama tatizo la akili ya Mwafrika aliyekuwa njia panda kati ya jadi na usasa. Malalamiko ya ardhi yakageuzwa ugonjwa. Anayetaka leo kuwatibu watu wa Molo na Elburgon bila kutaja hatimiliki za mashamba yuko karibu na Carothers kuliko anavyodhani. Fidia ya 2008 nayo ilikuwa na upofu wake: shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyeharibiwa nyumba. Nyumba ilihesabiwa, usingizi haukuhesabiwa.

Matibabu yapo, na baadhi yake yanapaswa kuwavutia wanafasihi. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali walisaidiwa kwa tiba ya kusimulia, nao waliowahudumia hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 na yalitia moyo. Kamba hutandazwa chini kuwakilisha maisha tangu kuzaliwa. Maua huwekwa penye mema, mawe penye mabaya, kisha mhusika husimulia kwa mfuatano, jiwe kwa jiwe, hadi vile vipande visivyo na tarehe vipate mahali pake. Katika usimulizi wa namna hiyo, viambishi vya njeo vina kazi ya kitabibu. Msimulizi anaweza kuanza na "walikuja usiku", akafika penye kiini na kusema "wanavunja mlango, wananiona". Msikilizaji makini hutambua kuwa -li- imetoweka, naye humrejesha polepole: walivunja, walikuona, na sasa uko hapa, ni mchana. Lakini kwa aliye kando ya Msitu wa Mau, -li- pekee haitoshi. Anachohitaji kukisema mara nyingi ni cha -me-: wametufukuza, tumerudi, shamba limechukuliwa. Tendo limekwisha na hali yake ingalipo.

Kuna mahali pengine ambapo kidonda hiki hufunguliwa bila kamba wala msikilizaji, nako ni darasani. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyochapishwa 2014, ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa. Ndani yake Ridhaa anapoteza familia yake katika nyumba inayochomwa na majirani. Mtahiniwa wa kidato cha nne mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka mitano au sita hivi mwaka 2008. Katika shule za Molo, Njoro na Elburgon, baadhi ya watahiniwa waliisoma riwaya hiyo wakiwa wameketi dawati moja na watoto wa upande wa pili wa yaliyotokea, na mwalimu mbele yao akiwa na lake. Vyuo vyetu humwandaa mwalimu huyo kuchambua dhamira, wahusika na mbinu za lugha. Mwanafunzi anapoinuka na kutoka nje katikati ya sura, hakuna somo la ualimu wa fasihi lililomweleza mwalimu amfuate au amwache. Swali la mtihani humtaka mwanafunzi huyohuyo afafanue athari za ghasia kwa alama ishirini, na hoja inayotoka nyumbani kwao haipati alama ila iwe imo riwayani.