Mfumo wa Faili wa Diski ya Picha: Uamuzi wa Siku ya Kwanza

Mtumiaji anaponunua diski ya nje kwa ajili ya kuhifadhi picha, huuliza bei, ukubwa na muda wa dhamana. Ni nadra aulize diski hiyo imeandaliwa kwa mfumo gani wa faili, na muuzaji naye aghalabu halitaji jambo hilo. Hata hivyo, hilo ndilo litakaloamua iwapo picha za harusi zilizopakiwa kwenye kompyuta ya mpiga picha zitafunguka nyumbani kwa maharusi. Uamuzi wake hufaa kufanywa diski ingali tupu, kwa sababu kubadilisha mfumo baadaye, isipokuwa katika hali chache, ni kufuta kila kilichomo.

Diski yenyewe ni uwanja mpana wa kuandikia usio na mpangilio wowote. Mfumo wa faili ndio unaougawa uwanja huo na kutunza orodha ya kila faili: jina lake, linapoanzia na linapoendelea. Mfano ulio karibu ni masijala ya ofisi. Majalada yamo rafuni, lakini bila rejista karani hawezi kulipata jalada moja kati ya maelfu. Kufomati diski ni kuweka rejista mpya iliyo tupu. Rejista hizi huandikwa kwa taratibu mbalimbali, na si kila kompyuta huzifahamu zote.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote tutakazozieleza. Kompyuta ya Windows ikichomekewa diski iliyoandaliwa kwa utaratibu wa Apple, haikiri kwamba imeshindwa kuusoma utaratibu huo. Humwambia mtumiaji kwamba diski inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika, kisha humpa kitufe cha kufanya hivyo. Kompyuta ya Mac nayo, ikikutana na diski isiyoielewa, huarifu kwamba haisomeki na kutaja njia ya kuiandaa upya. Ujumbe wa namna hiyo hauthibitishi kwamba diski ni mbovu, wala kwamba picha zimepotea. Jibu sahihi ni kughairi, kuiondoa diski, na kuijaribu kwenye kompyuta iliyotumika kuijaza. Mtumiaji asiirudishe dukani kwa madai ya ubovu, wala asimruhusu fundi yeyote “kuisafisha”, kabla ya kufanya jaribio hilo.

Aliyekwisha kubonyeza kitufe asikate tamaa, ila aache kuitumia diski hiyo papo hapo. Ufomati wa haraka hubadilisha rejista tu, na picha zenyewe hubaki mahali pake hadi zitakapoandikiwa juu. Programu za kurejesha mafaili huweza kuziokoa nyingi, mradi zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine. Matumaini hayo ni makubwa zaidi kwa diski za sahani zinazozunguka kuliko za SSD, ambazo huweza kufuta zenyewe sehemu zilizotangazwa kuwa wazi.

Sasa tuitazame mifumo yenyewe. Mmoja wa mikongwe inayotumika bado ni FAT32, uliotoka mwaka 1996 na unaosomwa na karibu kila chombo, hata redio ya gari. Kasoro yake ni kwamba faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4. Kwa picha za kawaida kikomo hicho hakisumbui: picha ya JPEG huwa na megabaiti chache, na picha ghafi ya kamera kubwa huwa na makumi ya megabaiti. Tatizo huja na video. Video ya sherehe iliyohaririwa na kuwa faili moja hupita kiwango hicho kwa urahisi, na kompyuta hukataa kuinakili ilhali diski ina mamia ya gigabaiti zilizo wazi. Mnunuzi hudhani ameuziwa diski bandia. Kwa maoni yetu, FAT32 ibaki kwenye flashi ndogo za kupeleka picha chache kuchapishwa.

NTFS ulianza mwaka 1993 na ndio mfumo wa kawaida wa Windows. Sifa yake kubwa ni kutunza kumbukumbu ya mabadiliko ya rejista, hivi kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta huweza kuirudisha rejista katika hali iliyo sawa. Kompyuta ya Mac huusoma, lakini haiandiki ndani yake bila programu ya ziada. Apple ina mifumo yake: APFS wa mwaka 2017, na uliotangulia, HFS+. Windows haisomi hata mmoja kati ya hiyo miwili bila programu ya kuongezewa. Wenye Linux hutumia zaidi ext4, ambao nao una kumbukumbu ya aina hiyo, lakini ni mgeni kwa Windows na Mac.

Kati ya pande hizo umo exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006. Hauna kikomo cha gigabaiti 4, na Windows na Mac zote huusoma na kuuandika. Linux iliupokea rasmi baada ya Microsoft kuweka wazi maelezo yake mwaka 2019. Kadi za kumbukumbu za SD zinazozidi gigabaiti 32 huutumia kwa mujibu wa viwango vyao. Lakini exFAT hauna ile kumbukumbu ya mabadiliko. Umeme ukikatika wakati picha zinanakiliwa, au waya ukichomolewa mapema, rejista huweza kuachwa nusu, na pengine si picha moja tu itakayopotea bali folda nzima.

Kwa hiyo hatukubaliani na ushauri unaotolewa mara nyingi kwamba exFAT unamfaa kila mtu kwa kuwa “unasomeka popote”. Diski inayozunguka kati ya mpiga picha mwenye Mac na wateja wenye Windows, huo ndio mfumo wake. Lakini diski inayokaa nyumbani ikitumiwa na kompyuta moja ya Windows, hasa ya mezani isiyo na betri mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, ni afadhali iwe ya NTFS. Familia yenye Mac pekee itumie APFS kwa diski ya SSD, na HFS+ kwa diski ya sahani. Televisheni isiwe sababu ya kuchagua mfumo wa hazina ya picha. Nyingine husoma FAT32 na NTFS tu, na ni rahisi kuiwekea flashi yenye picha zilizoteuliwa.

Kabla ya kufomati diski mpya, aangalie kwanza imeandaliwaje. Katika Windows abofye diski hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua sifa zake. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na NTFS au exFAT, na huenda hakuna la kufanya. Ikibidi kufomati, ukubwa wa vipande uachwe kama kompyuta ilivyopendekeza. Kwa diski mpya ya sahani tunashauri ufomati kamili badala ya wa haraka. Huchukua saa nyingi, lakini hukagua kila sehemu ya diski, na ubovu ukigundulika mapema mnunuzi huweza kuidai dhamana yake akiwa na risiti mkononi.

Diski yenye picha tayari huhitaji subira. Picha zinakiliwe mahali pengine, wala zisihamishwe kwa kukata na kubandika. Idadi ya mafaili na ukubwa wake vilinganishwe pande zote mbili, na picha kadhaa zifunguliwe, za mwanzo na za mwisho. Hapo ndipo diski ifomatiwe. Windows ina amri ya kugeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta kitu, lakini hata hiyo isitumiwe bila nakala ya pili. Nakala hiyo, iliyo kwenye diski tofauti, ni ya lazima kwa mfumo wowote: hakuna mfumo wa faili unaozuia diski kuanguka sakafuni au kuibwa. Kadi ya kamera nayo ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe.

Anayekusudia kuuza au kugawa diski ya zamani akumbuke yale tuliyosema kuhusu ufomati wa haraka, kwa kuwa kinachomwokoa aliyekosea humnufaisha pia mnunuzi mdadisi. Katika matoleo ya Windows tangu Vista, ufomati kamili huandika juu ya diski nzima, na ndio unaofaa diski ya sahani inapobadilisha mikono.