Ogopa Mwenye Mjengo

Ka umechoka na muvi za kuogofya za siku hizi, zile sura inakurukia ghafla na sauti inapigwa juu mpaka spika inalia, skiza hii form. Nimekuwa nikikesha na muvi za kuogofya za Uingereza, zile za enzi za budangu, kuanzia 1957 hadi 1973, na manze, hao wasee walijua kazi. Venye nimezifuatanisha moja baada ya ingine, kuna kitu imenikaa kwa kichwa. Noma haitokangi msituni, ata haitokangi kwa giza. Inatoka kwa mjengo mkubwa wa pale juu, na mwenye mjengo ako na suti safi, ako na adabu, na anakukaribisha ndani mwenyewe.

Anza na The Curse of Frankenstein, 1957. Hiyo ndio ilifungulia kampuni ya Hammer njia. Studio yao ilikuwa jumba la kitambo huko Bray, kando ya mto Thames, na muvi nzima ilikula kitu ka pauni 65,000, ganji kidogo ata kwa hizo enzi. Lakini walikuwa na rangi. Frankenstein wa Marekani mwenye watu walizoea alikuwa wa nyeusi na nyeupe. Hawa wakakuja na damu nyekundu inawaka kwa skrini, wachambuzi wa magazeti wakakasirika vibaya, na wasee wakapiga foleni tu.

Mcheki Peter Cushing, ndiye Baron Frankenstein. Kuna mahali anatoka kukatakata maiti, damu iko kwa mikono, na bila ata kuangalia anajipangusa kwa koti yake ya bei, ka msee amemaliza mutura. Alafu kuna Justine, dame wa kazi za nyumba, ako na ball ya Baron na anadai amuoe. Baron anamfungia kwa chumba na lile zimwi. Unaskia nduru, na papo hapo tuko mezani asubuhi, jamaa anaomba apitishiwe jamu ya machungwa. Hicho kipande nakirudiangia na bado kinanikata maini. Zimwi lilishonwa kwenye maabara, ata halikuuliza kuzaliwa. Huyu mwingine alizaliwa na cheo, anajua kila kitu anafanya, na bado anadishi fiti.

Ndani ya lile zimwi ni Christopher Lee, jamaa wa futi sita na inchi tano. Mwaka uliofuata Hammer wakampea kasri. Kwa Dracula ya 1958, dairekta ni Terence Fisher, yule yule wa Frankenstein, Lee anashuka ngazi pole pole, anajitambulisha, anambebea mgeni begi hadi kwa chumba. Heshima tupu. Anabonga na huyo mgeni hapo mwanzo, na baada ya hapo hasemi kitu mpaka muvi inaisha. Ukikuja kumwona tena, macho ni mekundu, mdomo umejaa damu, na anaruka juu ya meza. James Bernard alitunga muziki ukilitamka jina lenyewe, noti tatu nzito, Dra-cu-la, na hizo noti zitakufuata hadi choo. Pale mwisho Cushing, saa hii ndiye Van Helsing mwenye anamwinda Dracula, anakimbia juu ya meza ndefu, anararua pazia jua liingie, alafu anashika vinara viwili vya mishumaa anavifanya msalaba. Idea ya vinara ilitoka kwake mwenyewe. Huyo mzee aliamini kila kitu alishika, na ju aliamini, unaamini. Ukipata kopi yenye vipande masensa walikata, zile zilikuja kupatikana Tokyo zikarudishwa, chukua hiyo.

Sasa kuja 1966. The Plague of the Zombies ndio nataka ucheki ata ka utaacha zingine zote. Ni kijiji cha Cornwall, vijana wanadedi mmoja mmoja na daktari haelewi. Mwenye ardhi pale ako na mgodi wa bati wenye ulifungwa ju ya ajali, na hakuna msee anataka kushuka tena. Huyu mdosi alishaishi Haiti, akajifunza voodoo. Kwa hivyo anawamada wanakijiji, anawafufua, anawashusha chini wachimbe. Hawadai mshahara, hawagomi, hawaombi ofu. Kila mtu amefanyia mdosi fulani wira mtaani anajua hii stori, ata ka hajai ona hiyo muvi.

Kuna ndoto ndani yake, makaburi yanafunguka, mikono inasukuma udongo kutoka chini, na kila kitu ni kijani cha ugonjwa. Hiyo ni miaka miwili kabla George Romero atoe Night of the Living Dead huko Marekani. Walishuti hapo hapo Bray, na kijiji hicho hicho cha mbao wakakitumia tena kwa muvi ingine, The Reptile, ndio bajeti itoshe. Kenye sikubali ni venye inazipiga ngoma za Haiti ka ndio mzizi wa ubaya. Zombi ni stori ya watumwa waliochapishwa kazi kwa mashamba ya miwa ya Wafaransa, na woga wao ulikuwa huo huo, kwamba ata ukidedi utaendelea kufanyishwa kazi. Muvi inaelewa huo woga vizuri, alafu inawalaumu wenye walikuwa nao. Hiyo inaniuma.

The Innocents ya 1961 usiicheki na mbogi, icheki solo. Mwenye mjengo hapa ni ankoli wa London mwenye hataki kusumbuliwa na watoto wa ndugu yake, anaandika mwalimu wa kike, anamwachia jumba na kila siri iko ndani. Freddie Francis ndiye alikuwa nyuma ya kamera. Kuna dame wa nguo nyeusi amesimama kwa matete ng'ambo ya ziwa, mchana peupe. Amesimama tu. Sijai ona kitu imeniganda hivo.

Witchfinder General, 1968, hiyo haina ata shetani. Ni Matthew Hopkins, msee wa kweli wa enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, anazunguka vijiji na analipwa kunyonga watu akisema ni wachawi. Dairekta Michael Reeves alidedi 1969 akiwa na miaka 25 tu, na hiyo ndio ilikuwa muvi yake ya mwisho.

Alafu funga na The Wicker Man, 1973. Karao mkali wa dini anatua kisiwani Summerisle, huko Scotland, anatafuta msichana amepotea, na kila mtu anamcheka kwa upole. Ni jua, ni nyimbo, ni maua. Walishuti baridi ikiwa imeingia, wakabandika maua kwa miti ndio ikae ka Mei. Na nani ndiye Lord Summerisle, mwenye kisiwa chote? Christopher Lee tena, jaketi nzuri, tabasamu, sauti ya kukubembeleza. Anamweleza karao bila kuficha: babu yake alinunua kisiwa, akaleta matunda mapya, akawarudishia watu miungu yao ya kale ndio wafanye kazi na roho safi. Mavuno yalipokubali, kila mtu aliamini. Sasa matofaa yamekataa, na karao ndiye kafara ya kuchomwa. Karao anamwambia Lord mbele ya umati venye yakikataa tena mwakani watamkujia yeye mwenyewe, na kwa sekunde moja lile tabasamu linateleza. Cheki uso wa Lee hapo, usicheki moto.