Kitenzi 'Tuma' na Uzao Wake katika Uhakiki

Mwalimu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ambamo kila mhusika afanyaye kazi kwa tajiri anaitwa 'mtumwa'. Kabla hujamkata mtahiniwa alama, mrejeshe kwenye mzizi.

Kitenzi 'tuma' ni cha Kibantu. Wakikuyu na Wakamba wana 'tũma', Wazulu 'thuma', na maana ni moja: kumpa mtu ujumbe au shughuli aende nayo. Kutokana nacho tuna 'mtume' na 'tume'. Kauli ya kutendea, 'tumia', ingali na maana yake asilia tunapotumiana pesa kwa simu, ingawa maana ya kutumia kifaa ndiyo iliyoenea zaidi.

Utata wetu uko kwingine. 'Mtumwa' limetokana na kauli ya kutendwa (tum-w-a): ni yule anayetumwa na mwingine, asiye na hiari. 'Mtumishi' limetokana na 'tumika', wala si 'tumisha' kama wengi wadhanivyo. Sauti /k/ hugeuka /sh/ mbele ya kiambishi cha mtenda, kama vile 'pika' huzaa 'mpishi' na 'andika' huzaa 'mwandishi'. Kwa hiyo mtumishi ni mtenda; ana kazi aifanyayo. Ndiyo maana Polisi wa Kenya waliweza kuchukua kaulimbiu 'Utumishi kwa Wote' (kama wanaitimiza ni mjadala mwingine). Hebu jaribu kuweka 'utumwa' hapo!

Sasa soma Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi. Mhusika anayemhudumia bwana huyo anaitwa Kijakazi, na mjakazi ni mtumwa wa kike. Lakini hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, nayo riwaya inahusu kipindi cha mapinduzi ya 1964. Kisheria basi Kijakazi ni mtumishi. Jina ndilo linalombakiza utumwani. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba 'Kijakazi ni mtumwa' ameipita kejeli hiyo bila kuiona.

Linganisha na Kuli (1979) ya mwandishi huyo huyo. Wachukuzi wa bandarini wameajiriwa, na 'ajiri' tumelitoa katika Kiarabu pamoja na 'ujira', yaani malipo. Wanapunjwa, ni kweli, lakini wana ujira wa kudai, na katika mgomo wa 1948 wanaudai.